Jiwe Ndani ya Loshoro

Walimu wangu vijana, mmeniomba niwaandikie kitu kabla sijasahau mambo, nami nawashukuru kwa kuniomba kabla na si baada. Nimestaafu mwaka huu. Asubuhi bado naamka saa ile ile, naoga, navaa, halafu nakumbuka kwamba sina kipindi. Basi nakaa barazani kwangu hapa Engutoto na kuwafundisha kuku. Kuku ni wasikivu kuliko kidato cha pili mkondo wa B, ila hawaulizi maswali, na mwalimu asiyeulizwa maswali huchakaa haraka.

Sitaandika habari za madaraja na mishahara. Hizo mtazijua wenyewe na zitawaumiza kwa wakati wake. Nataka kuandika juu ya mada moja tu, ambayo niliifundisha kila mwaka na kila mwaka ikanipandisha mori kana kwamba ndiyo mara ya kwanza: jinsi binadamu walivyoijua atomi, kidogo kidogo, wakikosea na kusahihishana. Na ndani ya mada hiyo nitawaambia habari za sufuria ya loshoro iliyookoa somo la kemia shuleni kwetu. Msidhani natia chumvi. Chumvi ipo, itakuja baadaye, na itawaka njano.

Nilifika shuleni kule Oldonyo Sambu nikiwa binti wa Kichaga mwenye sketi iliyopigwa pasi na sweta jepesi. Nilidhani naijua baridi, maana nimezaliwa migombani Kilimanjaro. Baridi ya nyuma ya Mlima Meru ilinisahihisha siku ile ile. Hata hilo neno "nyuma" lilisahihishwa, kwa sababu wanafunzi wangu wa kwanza waliniambia kwamba kwao ndiko mbele ya mlima, na kwamba watu wa mjini ndio wanaoutazama kisogoni. Shule ilikuwa na madarasa, ofisi, stoo ya mahindi, na mlango mmoja ulioandikwa "Maabara" kwa rangi ya bluu. Niliufungua kwa heshima zote. Ndani kulikuwa na majembe.

Aliyenikuta pale mlangoni ni Mwalimu Laizer, mwalimu wa fizikia, Mwarusha mrefu aliyevaa koti la mvua hata jua likiwaka. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akayatazama majembe, akanitazama mimi.

"Usihuzunike, binti yangu," alisema. "Maabara iko kwenye bati langu."

Ni kweli, ilikuwa kwenye bati la biskuti. Ndani yake mlikuwa na gololi, spoku za baiskeli, sumaku iliyong'olewa kwenye redio mbovu, betri, nyaya za shaba, mishumaa na kichupa cha spiriti ambacho alikilinda kuliko mkoba wake. Kwa bati lile Mwalimu Laizer alifundisha mwanga, sauti, umeme na joto, na bado alikuwa na nafasi ya kuwekea ugoro. Ninyi mnaolalamika kwamba projekta haiwaki, someni aya hii mara mbili.

Huyu ndiye aliyenifundisha kufundisha, maana chuoni nilifundishwa kuandaa azimio la kazi tu. Alikuwa na kanuni moja. Alisema mtoto ukimwambia kwamba dunia ni duara atakubali, ataandika, atalala. Mwache kwanza akae kwenye dunia bapa, aizoee, ajenge na boma lake pale. Halafu mwonyeshe kivuli cha dunia juu ya mwezi, umwache ahame mwenyewe. Mtu aliyehama kwa miguu yake harudi tena.

Nikaichukua kanuni hiyo nikaitia kwenye atomi. Kila nadharia ya zamani niliifundisha kana kwamba ndiyo ya mwisho duniani. Tuliiamini wiki nzima, tuliitetea, tuligombana kwa ajili yake. Wiki iliyofuata tuliivunja wenyewe kwa ushahidi. Majina ya wale wataalamu mtayakuta vitabuni. Wanafunzi wangu waliyatamka kwa taabu na kuyaandika kwa taabu zaidi, hivyo tuliwapa majina ya nyumbani mpaka mtihani ulipokaribia.

Sasa nije kwenye mwaka wenyewe. Mkuu wetu wa shule wakati huo alikuwa Mwalimu Pallangyo, Mmeru mpole aliyependa amani kuliko oksijeni. Aliniita ofisini akanikaribisha chai, nami nikajua pana jambo, maana chai ile haikuwa ya kila mtu. Akaniambia mkaguzi anakuja. Wanafunzi wanaochagua sayansi kidato cha tatu walikuwa wachache, maabara ilikuwa ya majembe, na huko juu palikuwa na mawazo ya kuifuta kemia kuanzia kidato cha tatu ili watoto wabaki na masomo mengine. Mkaguzi angekuja kutazama kidato cha pili changu. Akiona hakuna wanachojifunza, kemia ingeishia hapo.

Habari haijifichi shuleni. Kabla sijamaliza ile chai darasa zima lilishajua, na mchana nilimkuta Nosim ananisubiri nje ya ofisi ya walimu. Nosim alikuwa binti wa kidato cha pili, wa familia ya wafugaji na wakulima waliokaa mlimani kidogo juu ya shule. Kwao ndiye aliyewasomea wazazi maelezo kwenye chupa za dawa za ng'ombe, na kutoka kwenye chupa hizo alipata tamaa moja kubwa: alitaka kujua ndani ya dawa mna nini, na siku moja azitengeneze yeye. Alikuwa na macho makali na subira ndogo. Alisimama wima akaniuliza, "Madam, kemia ikifutwa, mimi ndiyo basi?"

Nilimwambia aende darasani. Nilikasirika siku nzima. Mwalimu Laizer aliniambia hasira ni nishati, nisiimwage chini, niende nayo darasani.

Tukaanza. Wa kwanza alikuwa Mgiriki wa kale, aliyewaza kwamba ukikata kitu na kukikata tena, mwisho utafika mahali pasipokatika. Tulimwita Mzee wa Kukata. Niliwapa chaki wakaivunja katikati, na nusu katikati, mpaka ikawa vumbi kwenye kucha zao. Wakabishana kweli kweli. Wengine walisema kukata hakuna mwisho, ni kisu tu kinachoshindwa. Nosim akauliza kama kipande cha mwisho kabisa bado ni cheupe, na bado ni chaki. Jamani, swali hilo! Nilitamani kumkumbatia, lakini nilikuwa na vumbi la chaki mpaka viwikoni.

Wa pili alikuwa Mwingereza, mwalimu wa shule kama sisi, tuliyemwita Mwalimu wa Gololi. Yeye hakuishia kuwaza, alipima. Niliwaambia watoto watazame chai ya maziwa. Ukiongeza maziwa kidogo ni chai, ukiongeza mengi bado ni chai, ila mama ananung'unika. Maji hayako hivyo. Hidrojeni na oksijeni zikiungana kuwa maji huungana kwa kipimo kile kile kila mara, na ukizidisha moja, ile ziada inakataliwa, inabaki pembeni. Kwa nini? Mwalimu yule alisema ni kwa sababu kila elementi ni gololi ndogo zisizogawanyika, zenye uzito wake, na huwezi kuunga nusu ya gololi. Wiki nzima tuliishi na gololi. Mpaka mpira wa miguu ulisimama, uwanja mzima ukawa gololi tu.

Wiki ya tatu tukazivunja. Kitabu kilisema sugua kalamu kwenye nywele ili ivute vipande vya karatasi. Aliyeandika kitabu hakuwahi kuona wanafunzi wetu, ambao vichwa vyao vimenyolewa vikang'aa. Tukasugua kwenye masweta, na kwa baridi ya kule masweta hayakosekani. Karatasi zikaruka. Nikawaambia kuna Mwingereza mwingine aliyepitisha umeme kwenye bomba la kioo lililotolewa hewa, akaona vinatoka vitu vidogo mno vyenye chaji hasi, na kila metali aliyojaribu ilitoa vitu vile vile. Basi gololi zina kitu ndani! Zinatoa watoto! Darasa lilichangamka kama limeingiliwa na nyuki.

Hapo ndipo nilipokwama, na ninaomba mnisikilize vizuri kwa sababu kila kilichofuata kilitoka hapa. Huyo mtaalamu alisema atomi ni kitu chenye chaji chanya kilichotandazwa, na elektroni zimepachikwa humo ndani. Kitabu kikaifananisha na keki ya Krismasi ya Waingereza yenye zabibu kavu. Niliuliza nani amewahi kuiona keki hiyo. Niliuliza nani amewahi kuona zabibu kavu. Mtoto mmoja alisema ameziona kwenye picha. Nikawa na wazo la Kichaga. Nikawaambia, sawa, fikirieni mtori.

Darasa zima likacheka, maana kule ng'ambo ya mlima walijua sisi Wachaga kila jambo tunalirudisha kwenye ndizi. Nosim akanyoosha mkono.

"Madam, mtori hauwezi," alisema. "Mtori hauna punje. Nyama mmeiponda na ndizi mpaka huwezi kusema iko wapi. Atomi ni loshoro."

Kwa wenzetu wasiojua, loshoro ni chakula cha Waarusha na Wameru: mahindi yaliyokobolewa na kupikwa, yakachanganywa na ndizi zilizopondwa na maziwa mgando. Ni kizito, kinashikana, na kila ukichota unakutana na punje. Nikasimama pale ubaoni nikaona binti amesema kweli. Maziwa na ndizi ndiyo chaji chanya, imeenea kote. Punje za mahindi ndizo elektroni, zimepachikwa humo. Niliufuta mtori nikachora loshoro, na mtaalamu yule wa Uingereza, pamoja na heshima zake zote, akawa Mzee wa Loshoro mpaka leo.

Nadharia hiyo waliipenda kuliko zote, kwa sababu ilikuwa yao. Waliiimba kwenye foleni ya chakula. Mchungaji wa Kilutheri aliniuliza baada ya ibada kama ni kweli serikali imeanza kufundisha mapishi kwenye kemia. Nosim alikuwa wakili wake mkuu, akasema kwamba nikitaka kuivunja nitafute mtu mwingine. Nilimwambia vizuri, basi wiki ijayo upike sufuria kubwa uilete darasani, tuichunguze. Alikubali kwa majivuno. Ila kabla ya kipindi, Mwalimu Laizer aliosha jiwe la mtoni lenye ukubwa wa yai, akalichemsha, na mimi nikalizamisha katikati ya sufuria ile. Nosim hakujua.

Na asubuhi hiyo hiyo, kabla sijafunua sufuria, mkaguzi akaingia.

Alikuwa mtu mzima, nadhifu, mwenye miwani na sauti ya taratibu. Darasa lilisimama, likamwamkia, likakaa. Mwalimu Pallangyo alisimama mlangoni akijifuta jasho kwenye ile baridi. Mkaguzi hakupoteza muda, aliuliza nani anaweza kumweleza atomi ikoje. Mikono yote ikapanda. Nilitaka ardhi inimeze. Akamchagua Nosim, naye akasimama akasema kwa sauti safi kabisa, "Sir, atomi ni loshoro."

Mkaguzi alidhani hajasikia vizuri. Akamuuliza mwingine, naye akasema loshoro. Akamuuliza wa dirishani, ambaye kwa bidii akaongeza kwamba maziwa mgando ni chaji chanya. Mkaguzi akavua miwani, akaisafisha, akaivaa. Alimgeukia mkuu wa shule akasema kwa sauti ya chini, ila darasa letu lilikuwa dogo na wote tulisikia, kwamba hili ndilo alilolihofia, na kwamba ni huruma kuwaacha watoto waendelee hivi miaka mingine miwili. Nilimwona Nosim akikaa polepole. Alikuwa ameelewa kwamba ni jibu lake lililoifunga kemia, na hakujua kosa lake ni nini, kwa sababu alisema kile kile nilichomfundisha.

Nikamwambia mkaguzi, kwa heshima yote, kwamba amefika katikati ya hadithi, na kama ataniruhusu nimalize kipindi atanihukumu baadaye. Alitazama saa. Akavuta kiti, akakaa nyuma.

Nikafunua sufuria. Nikawaonyesha spoku ya baiskeli iliyofungwa uzi mwekundu. Nikawaambia: ikiwa atomi ni loshoro, spoku hii nikiichomeka popote itapita, itazama mpaka kwenye uzi, igonge kitako cha sufuria. Mnakubali? Walikubali kwa sauti kubwa. Nikawaita mmoja mmoja. Wa kwanza akachomeka, ikazama mpaka kwenye uzi. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu, wa nne, inapita tu, ulaini mtupu, na Nosim amekunja mikono kama mama mwenye harusi. Halafu mvulana mmoja akachomeka katikati, spoku ikaishia njiani. Akasukuma. Ikapinda.

"Madam," alisema, "humu kuna jiwe."

Ninyi mnaotoka sehemu hizi mnajua uzito wa maneno hayo. Mahindi huanikwa chini, na kabla ya kupikwa lazima yachambuliwe. Jiwe kwenye chakula si ajali. Ni habari, na inatembea: inasema kwamba binti wa boma lile ni mvivu na mama yake hakumfundisha. Darasa lililipuka kwa kicheko. Nosim alikuja mbele kama mshale, akamnyang'anya mwenzake spoku.

"Mahindi yangu nilichambua," alisema. "Nilichambua mara mbili."

Akachomeka. Ikapita. Akachomeka kandokando, ikapita, ikapita. Akasogea katikati, ikakwama. Akasogea kidogo, ikapita. Aliacha kukasirika, nami niliona uso wake ukibadilika. Akaanza kuchomeka kwa mpango, kutoka pembeni kuja ndani, kushoto, kulia, bila haraka, midomo ikimcheza. Mwisho aliiacha spoku imesimama pale pale ilipokwama, akatugeukia.

"Si mawe," alisema. "Ni jiwe moja. Liko katikati tu, na kwingine kote hakuna kitu kinachozuia." Akanitazama kwa jicho la mtu aliyegundua mwizi. "Madam, umeliweka wewe. Kwa hiyo Mzee wa Loshoro alikosea."

Ndugu zangu, nimeishi na nimeona mengi, ila furaha ya dakika ile sijaipata tena, hata siku ya harusi yangu, na mume wangu analijua hilo. Nikawaambia kwa haraka, maneno yakinikimbilia mdomoni, kwamba kulikuwa na kijana wa mashambani kutoka New Zealand, mwanafunzi wa Mzee wa Loshoro mwenyewe, aliyefanya kile kile alichofanya Nosim. Badala ya sufuria alikuwa na karatasi ya dhahabu nyembamba mno, na badala ya spoku chembe ndogo zinazorushwa kwa kasi. Karibu zote zilipita. Chache mno zikarudi nyuma. Akasema ndani ya atomi kuna kiini kimoja kidogo kigumu, katikati, na kwingine kote ni peupe. Nikawaambia jiwe letu ni kubwa kupita kiasi: ikiwa atomi ni uwanja wetu wa mpira, kiini ni punje ya ulezi katikati ya uwanja. Ulezi na mimi tunafahamiana, ndio unaotengeneza mbege, pombe yetu ya ndizi.

Nyuma ya darasa kiti kilisogea. Mkaguzi alikuja mbele, akaomba spoku. Akachomeka pembeni, akachomeka katikati, akasikiliza. Akarudia. Akaniuliza kama jiwe lilioshwa. Nikamwambia lilichemshwa. Alimrudishia Nosim spoku yake, na akasema maneno niliyoyaweka moyoni kazi yangu yote.

"Mwakani nikija, utanieleza mwenye jiwe naye alikosea wapi."

Mwakani! Mwalimu Pallangyo alishika fremu ya mlango. Huwezi kumwambia mtoto mwakani kama kemia imefutwa. Haikufutwa. Majembe yakahamia stoo ya mahindi, na lile bati la biskuti likawekwa juu ya meza ya maabara. Loshoro tuliila yote siku ile, mkaguzi akiwemo, na mama yake Nosim alitumiwa salamu rasmi kwamba mahindi yalichambuliwa.

Nosim alichukua swali la mkaguzi kama deni lake binafsi, na kidato cha tatu alikuwa amekaa dawati la mbele akilidai. Mwalimu Laizer alituletea karai na gololi. Aliizungusha gololi ukingoni mwa karai, ikazunguka, ikazunguka, ikachoka, ikaishia katikati. Akasema elektroni inayozunguka kiini nayo ingepoteza nishati hivyo hivyo na kuanguka ndani mara moja. Nosim akauliza, "Mbona sisi hatujasinyaa?" Ndipo tukatoa kichupa cha spiriti. Tulichovya spoku kwenye chumvi, tukaiweka kwenye moto wa bluu, ukawaka njano. Tukachukua magadi ya Ziwa Natron ambayo mama zao hupikia makande, ukawaka njano ile ile, kwa sababu ndani yake mna sodiamu kama ilivyo ndani ya chumvi. Waya wa shaba ukatoa kijani. Kila elementi ina rangi yake kama kila ng'ombe ana alama ya boma lake. Mdenmarki mmoja alisema rangi hizo ni elektroni zinazoshuka ngazi: husimama kwenye kidato hiki au kile, katikati ya vidato haziruhusiwi. Mkaguzi alipokuja tena, Nosim alimweleza hayo yote bila kupumua, na mzee yule akaomba achome magadi mwenyewe.

Baada ya hapo mtaala wetu ulisimama. Ila hadithi haikusimama pale, na hili lilinisumbua miaka mingi. Walikuja wengine wakasema hata ngazi si hivyo kabisa, kwamba elektroni huwezi kuinyooshea kidole, kwamba iko kama wingu kuzunguka kiini, na unachoweza kusema ni wapi huenda ikawa. Niliwagusia watoto habari hiyo kila mwaka, kwa shauku, na kila mwaka niliwaona wakinipotea. Sikuwa na sufuria yake. Niliwaonyesha mawingu juu ya Meru, wakatazama mawingu wakasubiri mvua. Nilimwuliza Mwalimu Laizer, akasema kwenye bati lake hakuna kitu hicho. Alistaafu, na baadaye tukamzika kwao Kisongo, na swali langu lilikuwa bado liko mikononi.

Mwezi uliopita mliniaga, ninyi nyote mlikuwepo. Hotuba zilikuwa ndefu na moja ilinitaja kwa jina la mwalimu mwingine, si neno. Wengi wenu mlimwona yule mama aliyeingia amechelewa, amevaa vizuri, amebeba hotpoti kubwa, mkaniuliza ni nani. Ndiye Nosim. Siku hizi ni mfamasia mjini. Alipiga magoti akaniamkia shikamoo mwalimu, akaweka hotpoti mbele yangu na kijiko. Nikacheka, nikajua ni loshoro.

Nikafunua. Ulikuwa mtori. Mtori wa kwetu kabisa, mzito, laini, ule anaopewa mzazi aliyetoka kujifungua, na kwa kweli nilikuwa nimetoka kujifungua kazi. Nikamwuliza kwa utani tangu lini Mwarusha anapika mtori, na mbona sioni nyama, au ndiyo ubahili wa mjini.

"Nyama imo, mwalimu," alisema. "Imo kote. Ila huwezi kusema iko wapi."

Nilikaa na kijiko hewani. Nilimsikia yule binti wa kidato cha pili akiwa amenyoosha mkono, akinikatalia mtori wangu mbele ya darasa kwa maneno hayo hayo, nami nikaufuta ubaoni; kumbe ndio uliokuwa sufuria ya lile wingu niliyoitafuta miaka yote. Nililia, mliniona, na mkadhani ni kwa sababu ya kustaafu. Kisha nikazamisha kijiko katikati ya hotpoti, taratibu, huku Nosim akinitazama bila kupepesa.

Kikagonga jiwe.